Jina Lako Lilikuwamo

Kwako mdogo wangu Wakili,

Pokea salamu zangu nyingi, na nyingine umfikishie wifi yangu, na nyingine ndogo za kumtosha umpe huyo mtoto ambaye mimi shangazi yake sijui hata analia kwa sauti gani. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya, na kwamba vumbi la hiyo kambi yenu ya ujenzi wa daraja halijakurudishia kile kikohozi chako cha zamani. Tulifundishwa kuandika kwamba sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali. Safari hii imebidi niigeuze. Nyinyi nadhani hamjambo. Hofu iko huku kwetu.

Utashangaa kupokea karatasi kutoka kwangu, mimi niliyekuwa nikiwacheka watu wa bahasha na stempu. Nimekaa kwenye meza ya chakula, vidole vimejaa wino, na seva yangu, ile kompyuta ya kupitishia barua pepe za wateja, inanguruma pale pembeni ya kabati la vyombo kama ulivyoiacha. Ningeweza kukuandikia kwa barua pepe ikafika kabla sijainuka kwenye kiti. Lakini kwa jambo hili siiamini mashine, au niseme kweli, sijiamini mimi mwenyewe nikiwa mbele ya mashine. Barua hii nitampa yule dereva wa lori anayewaletea vipuri vya mitambo huko darajani, naye ameniahidi kuitia mkononi mwako, si kuiacha ofisini.

Nimeupata ujumbe wako wa Jumatatu. Umeandika mstari mmoja tu, wewe ambaye utotoni ukiambiwa kaoge ulikuwa unadai usikilizwe kwanza upande wako. Umeuliza mama haoni tangu lini. Sitaweza kukujibu kwa mstari mmoja. Nivumilie nianze mbali kidogo, na nakuomba usiruke ukurasa kama ulivyozoea kufanya na vitabu vya shule.

Kaka mkubwa hajambo. Karakana yake ya useremala ameihamishia kwenye jengo lenye paa zuri, na bado anagombana na mbao kana kwamba zina masikio. Mimi kazi yangu ni ileile, kutunza barua pepe za watu ambao hawataki kujua zinafikaje. Nina duka la dawa, nina mafundi cherehani, nina wale wachapishaji wa kadi za harusi wanaosahau nywila zao kila wiki. Wateja ni wachache na hawabadiliki sana, kwa hiyo miezi inaweza kupita sijagusa kitu zaidi ya kufuta vumbi. Hilo la kutogusa nitalirudia.

Macho ya mama yalianza kwa vitu vidogo ambavyo tulivicheka. Alikuwa anakipiga kikombe kilicho ubavuni mwake kikaanguka, kaka akawa anamtania kwamba amewatangazia vita vyombo vya nyumba hii. Akawa anashuka ile ngazi ya mlangoni kwa kupapasa na mguu. Mimi nilidhani ni magoti. Siku aliyoweka chumvi kwenye sufuria mara mbili na kubisha kwamba hajaweka hata mara moja, ndipo nilipompeleka hospitali.

Daktari wa macho ni mwanamke mrefu anayesema polepole, na hakutuficha. Alisema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Alieleza kwamba mama anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linaendelea kuziba. Dawa ya matone ingelichelewesha tu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama hakuuliza kama itauma. Aliuliza amebakiwa na muda gani, na daktari akamjibu kwamba hilo hawezi kulisema, ila kama kuna kitu anatamani kukiona, asikiahirishe.

Tulipofika nyumbani, kabla hajavua viatu, alisema anataka kumwona mtoto wa Wakili. Habari za mtoto tulikuwa tumezipata kwa huyuhuyu dereva, aliyepita karakana kuchukua makreti ya mbao. Alimwambia kaka kwamba mmepata mtoto, mzima, na ukiyaona masikio yake huna haja ya kuuliza baba ni nani. Mama alicheka sana aliposimuliwa hayo ya masikio. Ndiyo sababu alitaka kuyaona.

Basi nikakaa kwenye kompyuta, naye akasimama nyuma ya kiti changu akinitajia maneno, nami nikaandika kama alivyotamka. Alisema uje na mkeo na mtoto, mje haraka, kwa kuwa macho yake yanaaga, na hataki yaondoke hayajamwona mjukuu wake. Nikatuma kwenye jina letu la nyumbani.

Unalikumbuka jina hilo. Nililitengeneza ulipokwenda kambini ambako simu haishiki ila intaneti ya ofisi ipo, ili tusiwe tunakimbizana. Halina sanduku lake lenyewe. Ni lakabu tu, jina la kupitia: barua ikiandikwa kwa nyumbani, seva inaangalia nyuma ya jina hilo wamo nani, kisha inaielekeza kwa kaka, kwako na kwangu. Wewe ukiandika, sote tunapata, na mama anasomewa. Nililionea fahari kuliko kazi nyingine nilizolipwa.

Hukujibu. Tukasema labda uko juu ya nguzo za daraja, utashuka. Nikaandika tena, safari hii maneno yangu mwenyewe, na hayakuwa matamu. Kimya. Kaka akaandika ya tatu, na unajua kaka akiandika ni kama anapigilia misumari. Kimya vilevile. Hapo kaka akaja nyumbani akaniuliza, kwa haki kabisa, kama nina hakika kwamba unazipata. Mdogo wangu, niliudhika kwa kuulizwa. Nilifungua faili la lakabu, nikamgeuzia kioo cha kompyuta, na kwa ncha ya penseli nikamwonyesha: hili jina lake, hili lako, hili langu. Jina lako lilikuwamo. Kaka alilisoma, akanirudishia penseli, akasema basi, asiyejibu amejibu.

Toka siku hiyo ulikuwa na kesi, Wakili, na hukuwa na wa kukutetea. Kaka alikusema karakanani mbele ya mafundi wake. Alikataza mtu yeyote kukutafuta kwa njia nyingine, maana barua umepata, na mtu mzima habembelezwi kumjali mama yake. Dereva alipopita tena na kusema unatusalimu, kaka alimjibu kwamba akakwambie salamu za nyumbani ulishatumiwa. Najua sasa jinsi lilivyokufikia neno hilo. Lazima uliliona kuwa ni kejeli. Kaka alikuwa anasema kile alichoamini kuwa ni kweli, na aliyemwaminisha ni mimi.

Mama yeye hakukusema. Alikuwa anasubiri. Alasiri alikuwa anavuta kiti hadi dirishani panapoingia mwanga mzuri, anakaa ameelekea geti. Alinitafutisha ile picha yako ya utotoni, ile ambayo umenuna kwa sababu ulinyimwa kofia, akawa anaishika karibu na uso na kuisogeza huku na huku mpaka ikaingia kwenye lile tundu lake la kuonea. Nilimuuliza ya nini, naye akasema anayakariri masikio yako, ili mtoto akija asipoteze muda, ayalinganishe upesi. Akisikia geti anaiweka picha mapajani na kujifuta macho kwa ncha ya kanga. Mara nyingi alikuwa ni mtu wa kusoma mita ya maji.

Asubuhi moja alikuwa jikoni anaosha vikombe, akaniita niwashe taa. Taa ya nini, na jua limejaa chumba kizima? Nilishindwa kumwambia. Nilisema umeme umekatika. Alikausha mikono, kisha akasema polepole kwamba jua linamchoma mkono. Hivyo ndivyo tulivyojua, yeye na mimi, na kila mmoja akaendelea na vikombe vyake.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Ni tangu kabla ya mvua hizi kuanza.

Siku zilizofuata nilikuwa na hasira ambayo nilikuwa sijui niielekeze wapi, nikaielekeza kwako. Nilimwambia mama kwamba huyo mwanawe ana roho ya jiwe. Nilitegemea akulaumu au anikanye. Alisema yeye ndiye aliyekulea, kwa hiyo kama kuna jiwe, basi kalitia yeye, na akaanza kukumbuka mara moja alipokuchapa bila kosa na hakuwahi kukwambia samahani. Ameibeba lawama hiyo wiki hadi wiki. Picha aliniambia niirudishe nilikoitoa.

Sasa nifike Jumatatu. Duka la dawa lilimwajiri mfamasia mpya, nikaombwa barua za oda zilizokuwa zikienda kwa yule wa zamani zielekezwe kwake. Kazi ya dakika chache. Nikafungua faili lilelile la lakabu, nikabadilisha jina, nikaipa seva amri yake, nikaenda kunywa chai. Mchana kaka akaandika kwa nyumbani kwamba ametengeneza mkono wa mbao wa kuufunga ukutani, toka chumbani kwa mama hadi bafuni, kwa kuwa mama haoni na lazima awe na cha kushika. Lilikuwa jambo la vipimo na skrubu tu. Kabla ya jioni ukaingia mstari wako.

Nitakueleza nilivyoupokea, ingawa ni aibu. Nilifura. Nilisema tazama huyu, anajifanya hajui. Nikaanza kukuandikia majibu ya kukuchana vipande, na nilikuwa nimefika mbali, ndipo nikausoma mstari wako tena. Umeandika kama mtu aliyeshtuka. Nikajiuliza kwa nini hii ya skrubu imekufika na umeijibu siku hiyohiyo, na zile za mama zisikufike.

Seva huwa inaandika kila barua iliyopita, imetoka wapi na imekwenda kwa nani. Huko ndiko nilikotakiwa kuangalia tangu siku kaka aliponiuliza. Niliangalia Jumatatu. Barua ya mama imekwenda kwa kaka na kwangu. Yangu, kwa kaka na kwangu. Ya kaka, vivyo hivyo. Kwako haikwenda hata moja, Wakili. Hukukataa kuja. Hatukukuita.

Na sasa sikiliza kwa nini, maana hapa ndipo ninapoandika kwa shida.

Unakumbuka ulivyoandika, mwanzoni mwa mwaka, kwamba nimemfungia mama ndani kama kuku wa kutaga, kwamba hatoki tena, hasikiki kanisani wala sokoni, na kwamba ninamtunza kwa faida ya sifa zangu. Hukuniandikia mimi peke yangu. Uliandika kwa nyumbani, ukamwaga mtama kwenye kuku wengi, na ilibidi mimi mwenyewe nimsomee mama maneno hayo kuhusu mimi. Nilipomaliza kusoma nilirudi kwenye kompyuta nikalitoa jina lako kwenye lakabu ya nyumbani, na nikaipa seva amri. Ilikuwa rahisi kuliko kufunga dirisha. Sikumwambia mtu. Nilitaka ukae huko porini ujiulize kwa nini hakuna anayekuandikia, nawe ukajiuliza kweli, ukadhani tumekususa, ukanyamaza kwa kiburi kama cha kwangu.

Kesho yake hasira ilishapoa. Nilijiambia hasira hasara, mdogo wako ni mdogo wako, na nikaliandika jina lako pale lilipokuwa. Ila mashine hizi hazisomi kile tunachoandika kwenye faili. Zinasoma jedwali ambalo zimejitengenezea zenyewe kutokana na faili, na hazitengenezi jipya mpaka uziamuru. Usipotoa amri unaweza kuandika upendavyo, seva inaendelea na ya zamani. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anafundishwa hilo. Mimi ndiye ninayelifundisha.

Nilipokuwa nataka kutoa amri, mama aliniita chumbani nimtungie uzi kwenye sindano. Nilikwenda nikimtania kwamba uzee umebisha hodi. Nikamtungia, tukakaa, akanieleza habari za gauni alilokuwa analipinda. Niliporudi nililikuta jina lako limeandikwa, nikaona kazi imekwisha, nikafunga. Miezi yote hiyo hakuna mteja aliyebadilisha kitu, kwa hiyo ile amri haikutolewa mpaka mfamasia mpya alipoajiriwa. Kila nilipolifungua faili nilikuona umo. Nilikusamehe kwa maandishi, mdogo wangu, na msamaha wenyewe sikuutuma.

Mama alikuwa hajawahi katika maisha yake kuomba kutungiwa uzi. Na kuhusu kutotoka, wewe uliyekuwa mbali uliona kitu ambacho mimi nyumba moja naye sikukiona. Alikuwa hatoki kwa sababu anaogopa ngazi asizoziona. Badala ya kujiuliza kwa nini, nilijiuliza wewe ni nani wa kunisema. Nyani haoni kundule, wanasema, na mimi huku nilikuwa nahesabiwa kuwa ndiye mwenye macho.

Sikutaka nikuandikie kabla sijasema kwao. Jumanne nilimwita kaka, akaja na randa mkononi na maranda kichwani akidhani mama kaanguka. Niliwaambia wote wawili, mama akiwa kitandani na kaka amesimama mlangoni. Sikupunguza kitu. Kaka alitoka uani, aliporudi aliniambia kwamba atamfuata kila fundi aliyewahi kumsikia akikusema, alirudishe neno lake mmoja baada ya mwingine, na kwamba mimi nitakwenda naye na kusimama pale akilirudisha. Tumeshaanza. Si matembezi mazuri.

Mama alikuwa na swali moja. Aliuliza kama hii ina maana kwamba hukukataa. Nikamjibu kwamba hukukataa, hukuulizwa. Alilia, na katikati ya kulia akawa anacheka. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Alinishika kichwa akasema macho yake yalikuwa yanakwenda tu, si mimi niliyeyafukuza, na lililo lake amekwisha kunisamehe. Lakini alisema kuna lililo lako na la mtoto, na yeye hawezi kusamehe kwa kutumia mali ya watu wengine. Hilo nije nikuombe mwenyewe.

Ndilo ninaloomba, Wakili. Siombi upesi, wala siombi uniambie si kitu. Ni kitu. Kulikuwa na siku ambazo mama yetu angeweza kumwona mwanao, zilikuwepo, nilizifungia nje kwa sababu ya neno kuku, na hakuna amri ninayoijua ya kuzirudisha. Ukikaa miezi hujaniandikia, nitajua safari hii kwamba ni wewe umenyamaza, na nitakubali. Ila usimnyamazie yeye. Lakabu ya nyumbani sasa inafanya kazi, nimeijaribu hadi imechoka na mimi. Lakini mwandikie kwa mkono ukipenda, nitamsomea chochote utakachoandika, hata kiwe juu yangu.

Kaka anakusalimu sana. Anasema atakuja kukupokea mwenyewe na hatasema neno mpaka wewe uanze, na sisi tunaomjua tunaona hiyo ni adhabu kubwa kujipa. Mpe wifi yangu pole zangu, umwambie hakuolewa na familia ya mawe. Mimi naendelea, silali vizuri, lakini nakula.

Mama naye ana salamu. Nimeziandika kama alivyozitamka, kisha nikamsomea ili ahakikishe sijabadilisha. Anasema mlete mtoto. Anasema yeye hatamwona tena, hilo limepita, lakini mtoto atamwona yeye.

Nakutakieni heri nyote watatu huko mliko.

Ni mimi dada yako,
uliyenipa utotoni jina la Mkaguzi kwa kuwa nilikagua kila kitu.